Klachi au Breki ya Mkono

Ndani ya daladala, Irine alikaa nyuma ya kiti cha dereva, akisikiliza kwa masikio yote mawili ubishi usiomhusu. Walipopanda kituo cha Lemara, binti aitwaye Namelok alimwamkia shikamoo mzee wa kando yake. Kona mbili baadaye walikuwa wanabishana kama mashemeji.

Asubuhi hiyo Namelok alikuwa anakwenda kwenye mtihani wa barabarani, kwa lori la gia, ili apate kazi ya kusambaza soda. Kilichomnyima usingizi ni kusimama mlimani, kisha kuondoka bila lori kurudi nyuma.

"Mwalimu kasema nivute breki ya mkono," alisema.

"Hiyo ni ya waoga, binti yangu. Dereva ni miguu! Achia klachi polepole mpaka gari litetemeke, ndipo uachie breki."

"Na nikimgonga trafiki aliyeko nyuma?"

"Basi hatakusahau."

Dereva alishindwa kuvumilia. Katikati ya mlima wa Daraja Mbili akasimamisha gari. "Dada, mzee yuko sahihi. Tazama."

Akaachia breki. Gari likaserereka kinyumenyume, likatikisika, injini ikazima. Irine akamwita Yesu kwa Kimeru.

"Si nilisema? Breki ya mkono!" Namelok alishangilia.

"Wapi! Kakosea klachi huyu!" mzee aling'aka.

Namelok alikwishainuka. "Kaka, hebu sogea nikuonyeshe."

Irine hakusubiri kujua nani mkweli. Alifungua mlango, akaumalizia mlima kwa miguu.