Mzee Pelenato Tuiasau, Aliyekaa Hadi Adhuhuri

Marehemu Mzee Pelenato alizaliwa tarehe 4 Machi 1955 kijijini Vailoa, kisiwani Savaii, mtoto wa tatu wa Mzee Iakopo na Mama Sulia. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akashika useremala. Nusu ya mapaa ya hapa aliyaezeka yeye, na hakuna aliyewahi kumsikia akiitukana nyundo, hata ilipomponda kidole.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na Akenese, ambaye upole ule ulimpa tabu. Nguruwe wa jirani wakila magimbi yao, mume anacheka, naye Akenese humfokea: "Baba Setefano, una damu wewe, au tui la nazi?"

Tarehe 9 Agosti 2008, gari la kijana Naseri wa kijiji cha jirani lilimgonga Setefano, mwana wao wa pekee wa kiume, akafa palepale. Kesho yake asubuhi Naseri na wazee wake walikuja wakaketi uani, wamejifunika mkeka wa heshima, kuomba radhi. Mwenye msiba akiufunua, amesamehe. Asipoufunua, litakalowapata ni lao.

Mzee alikaa ndani akiwatazama. Jua likapanda.

"Shemeji, tupe neno moja tu!" kaka zake Akenese walifoka, mawe mkononi.

"Nyamazeni. Moyo wangu haujafika."

"Haujafika wapi? Mwanao yumo sandukuni!"

 Adhuhuri akatoka, akaufunua mkeka, akamwinua Naseri, akarudi ndani bila chozi. Akenese hakusema naye hadi Krismasi. Kusamehe alikubali, ni amri ya Bwana. Ule ukavu wa macho ndio uliomkereketa miaka kumi na mitano.

Oktoba mwaka jana, sukari ilimla mguu. Daktari aliposema utakatwa, Mzee akajibu tu, "Haya." Hapo uzalendo ukamshinda Akenese.

"Hata mguu wako huulilii! Na mwanangu hukumlilia!"

Mzee alimgeukia. "Mama Setefano, asubuhi ile nilikuwa nimekalia panga. Ningelia, ningeinuka nalo. Nikachagua kutolia. Tangu hapo nayatafuta machozi, hayaji."

Akenese alimshika mkono. 

Mzee alifariki Jumapili tarehe 17 Machi 2024, kengele ya ibada ikilia. Ameacha mjane, mabinti wawili, Fiapule na Lusia, na wajukuu watano.

Bwana afutaye machozi, ampe kwanza ya kufuta. Kisha ampumzishe kwa amani.