Hatua Sita za Papa Léopold

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Papa Léopold Habumugisha wa Karuba, mkulima, mfugaji, shemasi wa kanisa. Aliaga dunia Jumanne iliyopita.

Alikuwa mtu wa watu. Lakini jamani, shemasi naye ni binadamu. Vita vilipomkimbiza jirani yake, mjane Mama Thacienne, hadi Kashebere, Papa Léopold aling'oa miyenzi, ile miti ya mpaka, akaipanda ndani ya shamba la mjane. Hatua sita. Miaka kumi na moja akavuna maharagwe yasiyo yake, na kila Jumapili akihubiri kurudi kwa Bwana.

Mwaka jana, mchana mmoja wa ukungu, alisinzia akichunga ng'ombe. Akaota Yesu anashuka kilima polepole, miguu mitupu, ukungu ukimfungulia njia. Akamwita kila mtu kwa jina. Alipofika kwenye miyenzi akasimama, akatazama udongo. Papa Léopold alingoja jina lake. Halikuitwa. Aliamka mashavu yamelowa, ng'ombe wametawanyika, na kilima chote cheupe asijue kama bado anaota.

Akashika njia ya Kashebere na binti yake, Elodie. Walimkuta Mama Thacienne sokoni, anauza mawese.

«Mama, ile miyenzi nilisogezaka, hatua sita. Yesu akirudi leo, atanikuta mwizi. Unisamehe.»

Elodie anasema mama yule aliendelea kupima mafuta, kisha akauliza: «Papa Léopold, unaogopa Yesu ao unaniogopa mimi?»

«Wote wawili, mama.»

«Basi rudisha kwanza. Kusamehe, nitakuja kuona na macho yangu.»

Alirudi akang'oa miyenzi yote kwa mikono yake, akaipanda upya nyuma, upande wake. Utomvu wa miti hiyo unachoma macho, ukampofusha siku mbili, naye hakukubali kusaidiwa. «Tulimuambia, Papa, umepitisha! Hatua sita umefanya tisa!» anasema Elodie. «Akajibu: zile tatu ndio za maharagwe nilikula.»

Halafu akangoja. Barabara ilifungwa na mapigano, miezi ikapita. Kila asubuhi alisimama mpakani, akitazama ukungu kama mtu anayesubiri mgeni bila kujua saa atakayofika. Jumanne moyo ukasimama.

Barabara ilipofunguka, Mama Thacienne alifika Alhamisi. Amechelewa! Hakuingia msibani. Alienda shambani kwanza, akatembea, akahesabu. Tisa. Akahesabu tena. Tisa. Ndipo akaja mbele ya wachimba kaburi, analia waziwazi.

«Muache kuchimba hapa. Mumuzike kule kwangu, mu zile hatua tatu aliongeza. Yesu akirudi, atukute tuko majirani.»

Na huko ndiko alikozikwa, wasikilizaji wapendwa.

Tunawapa pole Elodie na jamaa yote ya Habumugisha. Pole nawe, Mama Thacienne. Mungu awafute machozi. Na wewe unayetusikiliza jembe mkononi, simama kidogo. Kama kuna mtu wa kumwendea, mwendee leo, njia ingali wazi.