Miwani Iliyokuwa Mfukoni

Niinueni kidogo, wanangu. Phebe, kaa hapa, na wewe Jotham, simama nikuone, maana haya nitakayosema leo mimi Orrin Thrall sina pumzi ya kuyarudia.

Shamba la mahindi ni lako, Jotham, pamoja na ghala na kila kilichomo. Bustani ya matufaha ni yako, Phebe, na yule farasi Juno, umpe shayiri kila... Nini? Alikufa? Lini? Haya, basi chukua hatamu zake. Nilikuwa nasema nini? Uzio. Ndiyo, uzio wa kule chemchemi, uliomzuia baba yenu mdogo Lyman kunywesha ng'ombe wake miaka kumi na minane hii. Nikifa ung'oeni, lakini kwanza mjue kwa nini niliujenga, ingawa hata mimi sijui vizuri.

Mlikuwa wadogo mwaka ule Wademokrati walipomsimamisha Lyman kugombea unaibu gavana wa Ohio nzima. Lyman, niliyemfundisha mimi kufunga viatu! Mimi ni Mrepublikani tangu vitani, naye akanifuata shambani akicheka: "Kaka, sikuombi uhame chama. Peleka karatasi ya kura iliyochapwa na chama chako, ila kwenye naibu gavana ubandike hiki." Akanipa kibandiko, kijikaratasi cha gundi chenye jina lake, cha kufunika jina la mpinzani. Nikamwahidi, tena kwa kumpa mkono.

Siku ya kura, pale shuleni, nikakilamba, nikakibandika, nikatumbukiza karatasi yangu sandukuni. Hesabu ilipokwisha, Shemasi Peck, aliyesimamia kura, akaanza kusoma ya ugavana, akafika mahali akakunja uso: "Lyman Thrall, kura moja." Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. "Haya, mheshimiwa gavana, tugawie tumbaku!" Kisha akasoma ya unaibu: Lyman sitini na moja, mpinzani wake sitini na mbili. Nilikuwa nimebandika mstari wa juu, wa gavana, na kule chini jina la mpinzani likabaki wazi, likahesabiwa. Ohio nzima alishindwa kwa maelfu, na hilo alilimeza. Kilichomuumiza ni kushindwa nyumbani kwa kura moja, na kuitwa Gavana na kila mpita njia.

Akanifuata nje. "Kaka, ni wewe?" Nikamjibu nilisahau miwani nyumbani. Akasema, "Basi, ni macho tu hayo." Wiki iliyofuata akaniletea miwani mpya yenye kamba ya shingoni, hii hii niliyovaa, ili nisiisahau tena. Alinisamehe palepale, wanangu. Mimi ndiye niliyejenga uzio. Sasa niambieni, ni mtu gani husamehewa, halafu yeye ndiye anayenuna?

Miwani ya zamani ilikuwa mfukoni. Hapa, kifuani. Niliigusa kabla ya kubandika, na sikuitoa. Je, nilitaka kukosea? Sijui. Baba alimpeleka yeye shule, mimi akanipa plau, nami nilimwonea wivu, hilo nalijua na nalisema. Lakini asubuhi ile nilitoka hapa nimekusudia kumpa kura yangu, Mungu ni shahidi, na mkono ukapanda mstari mmoja juu. Nimelifikiria jambo hili miaka yote, na kila nikidhani nimelishika linaniponyoka.

Basi shikeni haya. Msinizike na miwani hii. Jotham, mpelekee Lyman mkononi mwake, umwambie nyingine ilikuwa wapi, usipunguze neno. Ng'oeni uzio kabla ya kunichimbia kaburi, ng'ombe wake wanywe kwanza. Phebe, matufaha... nimeshasema? Mungu awalinde, wanangu, awape nyumba yenye amani, na lolote litakalowakwaza mlimalize siku hiyohiyo, mkiwa mnatazamana.

Nani huyo mlangoni? Lyman? Ingia, nani kakuzuia? Mbona... mbona unalia kama Jotham wangu huyu? Sogea. Nipe mkono, mdogo wangu. Ilikuwa mfukoni. Usiniambie ni macho tu... safari hii usiseme hivyo. Nisamehe tena, Lyman... sasa ukiwa unajua.