Povu la Kumpokea Mjukuu

Bibi aliyekaa kiti cha mbele yangu kwenye basi alipakata chupa ya sabuni ya povu kama mtu aliyebeba mayai. Ghafla akageuka, akanibonyezea povu kiganjani bila hata hodi. "Nimeitengeneza mwenyewe jikoni, binti. Mjukuu wangu kazaliwa kabla ya wakati, leo ndiyo katoka hospitali. Kila atakayemshika atanawa hii kwanza. Inawasha?"

Nikasema haiwashi.

Kinyozi aliyekaa ubavuni mwake, mashine zake za kunyolea zikichungulia kwenye begi, akataka kujua kachanganyaje.

"Sabuni ya maji kijiko kimoja, maji chupa nzima. Tena niliyachemsha."

"Kijiko kimoja? Mama, hayo ni maji yaliyoiona sabuni kwa mbali."

"Povu si unaliona?"

"Hata bia ina povu. Nani ananawia bia?"

Bibi akainua chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Nikizidisha itamchubua, mwanangu. Ngozi yake ni kama ganda la kitunguu."

"Na usipozidisha, uchafu wa mikono yetu utamfikia vilevile."

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo penye balaa. Basi likasimama. Bibi akainuka, chupa kifuani. "Sasa niongeze au nisiongeze?"

"Ongeza!" akasema kinyozi.

Akashuka mbiombio. Mlango ulipofungwa tu, kiganja changu, ambacho sikuwa na maji ya kukisuuza, kikaanza kuwasha.