Kigoda cha Kumi na Moja cha Dada Yangu Profesa

Ndugu zangu waombolezaji, Ijumaa tarehe 30 Juni 2006, saa kumi jioni, dada yangu alimkabidhi karani funguo za ofisi yake ya chuo kikuu, akatoka na boksi moja la vitabu, na Jumatatu iliyofuata, saa moja asubuhi, akasimama mlangoni pa karakana yangu ya useremala, akiomba nimpokee kama mwanagenzi.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1946, kifungua mimba wa mama fundi cherehani na baba mlinzi wa ghala, akaanza shule ya msingi ya mtaani kwetu mwaka 1953, sekondari ya wasichana mwaka 1961, kisha chuo kikuu mwaka 1967, alikofundisha hesabu tangu 1971, akawa profesa mwaka 1989. Mimi, kitinda mimba, niliishia darasa la saba. Tarehe 4 Agosti 1973 alifunga ndoa na shemeji yangu, mpima ardhi, aliyetutangulia mwaka 2004, na Mungu akawajalia watoto watatu, wote wako hapa.

Jumatatu ile, pale mlangoni pa karakana, aliniambia, "Mdogo wangu, nikikaa nyumbani nitakuwa kama picha ya ukutani, napanguswa vumbi tu. Nipe randa."

Karakana yetu ina sheria moja: hagusi kazi ya mteja mtu ambaye kigoda chake hakijasimama juu ya kioo, kimebeba kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni, nami nikakisukuma kwa kidole bila tone kumwagika. Dada alipiga hesabu kurasa tatu, akakata, na kila mguu ukatoka na urefu wake, maana alisahau kwamba msumeno nao hula mbao unapopita, na wanagenzi, wajukuu zake kwa umri, wakacheka, "Bibi Profesa, chai imekwenda kuoga!"

Kigoda chake cha saba kilimwaga tone moja tu, nikasema amefaulu, akanikazia macho. "Wewe, nimewarudisha watu kwa alama moja miaka thelathini na mitano, leo unibebe kwa sababu tulinyonya titi moja?" Akakivunja mwenyewe.

Jumamosi tarehe 8 Septemba 2007, saa nne asubuhi, nilikisukuma cha kumi na moja mara tatu, chai ikatulia, karakana nzima ikapiga nyundo kwenye mbao, na dada yangu, aliyepokea shahada tatu bila chozi, akajifuta macho kwa aproni, akasema, "Basi, sasa nina kazi."

Kwa miaka kumi na moja alitengeneza madawati, milango na vitanda, akawafundisha wanagenzi kupanga mikato kabla ya kushika msumeno, na mteja akimwita Profesa, alijibu kwamba profesa amestaafu, hapa yupo fundi.

Novemba 2018 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, na Jumanne tarehe 9 Aprili 2019, saa sita mchana, alituacha, mikono yake ikiwa mikononi mwa wanawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, wahadhiri wenzake, na mafundi waliolichonga jeneza hili bila kuombwa.

Ee Mungu, ulimpa siku nyingi na hakuipoteza hata moja, mpokee, umsamehe alipokosea, umwangazie nuru yako. Dada yangu, fundi wetu, upumzike kwa amani. Amina.