Daktari Aliyetokea Kijiweni

Kijiwe chetu cha Tukuyu kimeegemea duka la Hasheem, fundi cherehani ambaye babu yake alikuja na mizigo kutoka Kilwa akasahau kurudi. Mvua ikianza, na hapa huanza kabla ya kuisha, tunabanana chini ya bati lake, birika la kahawa katikati. Jumatano moja Mzee Meshaki wa Lufingo alifika mapema, simu ya kupangusa mfukoni.

Akatueleza. Mkamwana wake Tulinagwe ana mimba kubwa na presha inampanda. Zahanati imempa kipimo cha kufunga mkononi, na kila Jumatano daktari wa Mbeya hupiga simu ya picha, asome namba, aamue kama mkamwana abaki nyumbani au akimbizwe hospitali. Mume yuko machimboni Chunya. Siku zote mama mkwe ndiye humshikia simu, ila leo yuko msibani Masoko.

— Na kimila mimi na mkamwana hatuonani, akasema Meshaki. Nimempisha, awe huru na daktari wake.

Tukamsifu kwa adabu yake.

Hosea, tunayemwita Profesa kwa kukaa sana kidato cha pili, akadai presha husafiri kwenye mnara wa simu, na mvua ikinyesha inaweza kumshukia jirani. Hasheem akasema daktari wa kwenye simu humnusa mgonjwa kabisa.

— Nesi wetu wa zamani, Winfrida, hakuhitaji mnara, akasema Meshaki.

Nusu ya kijiwe ilizaliwa mikononi mwa Winfrida. Alipita migombani kwa miguu, matope hadi magotini, akapiga hodi jikoni kwa salamu ya Kinyakyusa, "Ugonile!" Ukiitikia tu, ameshajua unaumwa wapi.

Simu ikaita. Daktari akatokea, kijana wa miwani. Profesa akakunja mkono wa shati na kumnyooshea mkono apimwe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Namtafuta Tulinagwe, akasema daktari.

— Yuko nyumbani, mwanangu, akajibu Meshaki. Anakusubiri.

Tupokigwe, mama aliyejibanza kukwepa mvua na mkungu wake wa ndizi, akageuka.

— Anamsubiri kwa simu ipi?

Profesa akateremsha mkono wa shati. Hasheem akatazama sindano yake. Meshaki aliitazama simu kana kwamba imemwotea kiganjani.

Tupokigwe hakungoja jibu. Alitua mkungu, akamchukua daktari akiwa bado anasema "haloo", akapanda bodaboda kwenda Lufingo. Meshaki alikimbia nyuma yao hadi barabarani, kisha akasimama kwenye mvua. Hata angefika, asingeingia.

— Winfrida angekuwa ameshapiga hodi, akasema.

Tukakaa kungoja habari bila simu, kama zamani. Kahawa ikaisha, hakuna aliyeondoka. Mwishowe bodaboda ikarudi, na dereva akaanza kusema kabla hajazima pikipiki: namba ni nzuri, mkamwana anabaki nyumbani, na anauliza kama baba amekula.

Meshaki akafuta uso. Tukasema ni mvua.