Rais wa Baraka na Rais wa Swima

Juu ya lori la mihogo lililokuwa likipanda kwenda mji wa Fizi, mwaka ule wa vita, Zainabu alisikiliza wanaume wawili wasiojuana wakilinganisha marais wa filamu walizoona kwenye vibanda vya video, mmoja Baraka, mwingine Swima.

"Wetu wa Baraka iko muntu wa haki," alisema mwalimu. "Analia juu ya baraiya yake."

"Wetu wa Swima iko mwizi," alijibu mvuvi. "Analia sababu banamufukuza."

Kila mmoja akamsifu mbwa mweupe wa rais wake.

Zainabu alijua ukweli. Filamu ilikuwa moja, ya Kifaransa, na mumewe ndiye aliyeitafsiri kwa mdomo kote kuwili, kila mahali kivyake. Baraka, askari hujaza benchi la mbele, basi rais huwa mwema; Swima hawafiki.

Lori likasimama kizuizini. "Raisi gani iko mwizi?" akauliza askari aliyewasikia.

Zainabu akakumbatia kikapu chenye kaseti ya filamu. "Chef, kesho tukiionyesha Fizi, mutakuja?"